Damu Yangu Ina Shajara Yake

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Kliniki ni Alhamisi. Kitabu changu cha sukari kitupu tangu Desemba. Wenzangu hupima kila asubuhi na kuandika. Mimi hupima nikijisikia vizuri, na siku hizo zimekuwa adimu tangu mke wangu alipofariki.

Binti yangu amepiga simu. Amesema majibu yakiwa mabaya tena, nafunga kibanda changu cha kutengeneza saa na kuhamia kwake, hakuna cha Baba ngoja kwanza. Nimemwambia mambo shwari. Kandambili za mama yake bado ziko mlangoni, ya kushoto imelika kisigino. Sihami.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Nimejaza kitabu. Siku tisini kwa kikao kimoja. Sita nukta moja, sita nukta tatu. Hapa na pale nikaweka nane, nionekane binadamu. Tarehe kumi na mbili Januari, siku yake ya kuzaliwa, nimeandika tano nukta tano. Zawadi.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Mwalimu mkuu mstaafu amekuja kubadilisha mkanda wa saa. Huyu hukaa nami benchi moja kliniki. Safari iliyopita kitabu chake kilizungushwa chumba kizima, ili wagonjwa wote tujifunze. Leo amenipiga kijembe: eti fundi, saa za watu unazirekebisha, yako mwenyewe inakwenda? Nimemjibu ngoma ivumayo haidumu.

Nimeshinda na maji matupu ili damu ijipange. Jioni bisibisi ikaniponyoka kwa njaa, ikaangukia ndani ya saa ya mteja. Bado naitafuta skrubu moja.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nesi ni mpya, mdogo kuliko binti yangu. Alisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Akasifu mwandiko. Nikakohoa kidogo ili mwalimu mkuu asikie kule nje.

Kisha akanitoboa kidole. Tone dogo kuliko kichwa cha pini. Akalitia kwenye mashine nisiyoijua, tukangoja. Asilimia kumi na moja, na yeye alitaka saba. Nikamwambia mashine imeharibika, anipe bisibisi niifungue. Akacheka, akasema Mzee, mashine nzima kabisa. Akanieleza kwamba chembe za damu huishi kama miezi mitatu, na kila moja hubeba sukari iliyokutana nayo njiani. Mashine inasoma mzigo.

Nilibaki nimekodoa macho. Miaka thelathini nafungua saa. Saa hujua sasa tu. Jana haiijui, hata ukiifungua hadi springi ya mwisho. Kumbe mwilini mwangu kuna kitu kinachokumbuka, siku baada ya siku, nami nimelala. Damu yangu inaandika shajara. Tena haidanganyi kama kile kitabu changu.

Nikajiandaa kukaripiwa. Hakukaripia. Alifunga kitabu, akavuta kiti karibu, akaniuliza asubuhi yangu huanzaje. Miaka tisa ya kliniki, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia. Natengeneza chai vikombe viwili, mazoea. Changu hakina sukari. Chake vijiko vitatu, alivyopenda. Nakunywa changu. Halafu nakunywa na chake, maana nani atamwaga chai ya mtu? Akauliza kama ni kila siku. Kila siku.

Akasema pole sana, Mzee wangu. Sikusikia acha, sikusikia marufuku. Aliniuliza mwenyewe ningependa tuanzie wapi. Nikafikiri sana. Nikasema kikombe chake kiwe vijiko viwili. Akaandika viwili kwenye faili langu, taratibu, kama anaandika dawa.

Tena akaniomba ruhusa azungumze na binti yangu. Ruhusa yangu mimi. Binti alibisha, nilimsikia kwenye simu, akiuliza kama baba yake ameroga kliniki nzima. Mwishowe akakubali: nibaki kwangu hadi kliniki ijayo, baada ya miezi minne. Sukari isiposhuka, nahama. Nilitoka pale kama mtu aliyetoka ibadani. Mwalimu mkuu akaniuliza nimepata ngapi. Nikampungia mkono, nikapita.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Vijiko viwili. Nilikoroga muda mrefu ili visionekane vichache. Chai imekuwa kama ya mgeni. Nikamwomba radhi kwa sauti. Nadhani ameelewa, ingawa kwa chai hakuwa mwepesi wa kuelewa.

Mchana kutwa nilitazama kidole changu. Kidole cha kawaida tu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Nimeamka na hesabu. Damu hukumbuka miezi mitatu. Kliniki ni baada ya miezi minne. Nimeipitia kalenda mara mbili, kwa penseli kisha kwa kalamu. Mwezi huu wa kwanza utakuwa umesahaulika wote. Ajabu ya maumbile. Nesi kajifunza vyuoni, hili limempita.

Nimerudisha vijiko vitatu. Nikaongeza cha nne, kufidia jana.

Mwalimu mkuu amepita kibandani. Sikuweza kujizuia, nikamweleza hesabu yangu, ajue nani ana akili hapa. Nilitegemea anicheke. Alitazama barabarani, huku na huku, akarudishia mlango. Akaniomba nimwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi, naye aifuate.