Viambaza vya Bwana Ormerod

Jumamosi, 3 Agosti
Tumefika Skelby. Mvua. Kila mwaka pwani ile ile, kijumba kile kile cha karavani, mvua ile ile. Raha tupu! Lorraine, mke wangu, kanionya kabla sijazima gari: nikianzisha mipango yangu mwaka huu, mwakani anakwenda Hispania na dada yake, mimi nibaki nyumbani na paka. Nimeapa. Nikashuka kuitazama bahari kidogo tu. Ebo! Ormerod, jirani wa karavani ya pili, keshashika pale chini ya ukuta, mahali pekee ambapo upepo haukung'oi masikio. Kazungushia viambaza vyake vya kukinga upepo, vitambaa na vijiti, eneo la kutosha kufanyia harusi. Na wako wawili tu, yeye na mkewe! Anapapataje kila mwaka?

Jumapili, 4 Agosti
Nimedamka saa kumi na mbili. Viambaza vipo, mwenyewe hayupo! Nikakaa kwenye benchi na darubini yangu ya kutazamia ndege. Watu wanafika na watoto na ndoo, wanaitazama ile nafasi tupu, wanaguna, wanakwenda kukaa kwenye upepo. Hakuna aliyethubutu kusogeza hata kijiti. Ormerod kaja saa tano, kashiba mayai. Kumbe! Anachomeka alfajiri, anarudi kulala. Kitambaa ndicho kinachomshikia nafasi! Nilifurahi hata sikumwona shakwe akinipora chipsi. Lorraine akacheka, ati hata ndege wamenijua.

Jumatatu, 5 Agosti
Nimenunua viambaza sita. Si mpango, ni manunuzi. Lorraine kanitazama kwa jicho la pembeni, kasema mzaha mzaha hutunga usaha.

Jumanne, 6 Agosti
Alfajiri nimevichomeka vyote mbele ya nafasi ya Ormerod, kule chini karibu na maji. Mchanga laini, mbichi, na hakuna anayeutaka! Kwa nini? Watu hawajui vizuri. Ormerod alipofika akakuta kitambaa badala ya bahari. Akasema si neno, bwana, si neno hata kidogo. Kwetu Waingereza hayo ni matusi.

Saa sita bahari ikaanza kujaa. Maji vidoleni. Ormerod akaniita kwa upole, mbele ya pwani nzima, nihamie kwake, nafasi ipo tele. Thubutu! Nikamwambia niko sawa, asante. Magotini. Lorraine akasema inuka, we mwanamume! Akabeba kiti chake, akaenda kunywa chai kwa Bi Ormerod. Mlinzi wa waogeleaji akaja kuuliza. Niko sawa kabisa, asante. Nilikaa pale maji kiunoni, nikitaka sana kujua nani atachoka kwanza, wao kuuliza au mimi kujibu. Kisha kiti kikaelea, mimi juu yake. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Mlinzi kanivuta kwa mguu. Viambaza sita vimekwenda zake Denmaki, ng'ambo ya bahari.

Jumatano, 7 Agosti
Lorraine kampigia simu dada yake. Hispania, chumba cha wawili. Roho imeniuma vibaya. Niliosha vyombo bila kuambiwa. Nikamwambia ukweli, kwamba bila yeye likizo ni mvua tu, na sitaki kwenda popote ambako hayupo wa kunicheka. Akapangusa sahani ile ile mara mbili. Mwisho akasema haya, njoo, lakini nikisikia neno mpango unarudi na ndege ya kwanza. Machozi yalinitoka. Haki ya Mungu, nimekoma.

Alhamisi, 8 Agosti
Ormerod kaja na keki kunipa pole. Mtu mwema kumbe. Katika maongezi kaniambia Hispania hakuna viambaza. Kule watu hushika vitanda vya kando ya bwawa kwa kutandika taulo tu, na Wajerumani huwa wameshatandika kabla jua halijachomoza. Taulo! Basi! Nimekwenda dukani mara moja, nimenunua nane, nzito, haziruki na upepo. Ziko chini ya kitanda, Lorraine hajaziona. Sasa nataka kujua jambo moja tu: Wajerumani huamka saa ngapi?