Alama Kumi na Mbili za X Zilizokamatwa Kituoni

Majengo, Embu
Machi 1955

Kwa Bwana Afisa wa Kituo,

Pokea heshima zangu zote. Mimi ni Sulemani, muuza nyama, na kipande changu cha utambulisho ninacho shingoni. Nalalamikia karatasi yangu iliyokamatwa Jumatatu na Koplo Kathuri, akidai ni siri za waasi wa msituni.

1. Karatasi ile ni wimbo wa gitaa. Ndugu yangu Jumaa, dereva wa lori la ngano huko Timau, amenyimwa pasi ya kuja arusi ya dada yetu Mwanarusi Jumamosi hii, basi ametuma wimbo wake niupige mimi. Mistari sita ni nyuzi sita. Namba ni mahali pa kubana kidole.

2. Koplo hakugombana na namba, aligombana na X. Alizihesabu, zikawa kumi na mbili, akataka majina ya watu kumi na wawili. Nikamweleza kwamba X si mtu, ni uzi unaoguswa bila kubanwa. Ukipigwa unasema "tak" tu, sauti haitoki. Akaandika kuwa nimekiri wapo wanaopigwa na hawasikiki. Bwana, hilo sikulisema mimi.

3. Akaniamuru nilete gitaa nipige nithibitishe. Zile tak zangu zilifanana mno na rungu la askari likigonga mlango usiku wa msako, hata watu wote waliopanga foleni ya pasi wakainua mikono. Sasa nashtakiwa kwa kufanya msako bila kibali, na gitaa limebaki kwenu kama ushahidi.

4. Ikiwa kunyamaza ni kosa, njooni mkamate na mbuzi walioko buchani kwangu. Tangu niwachinje hawajatamka neno.

Naomba karatasi irudi kabla ya Jumamosi. Bibi arusi hali chakula, nami naona uchungu kweli, kwani Jumaa hana njia nyingine ya kufika arusini.

Nisalimie askari wote, mpishi wa kituo, na mbwa wako ambaye mifupa yake bado namwekea.

Mimi mtiifu wako,
Sulemani bin Abubakar

Nyongeza: Jana jioni tukipita nyuma ya kituo, Mwanarusi alisikia wimbo ule akakimbilia seng'enge, akidhani Jumaa amepata pasi. Kumbe ni Koplo Kathuri, na kila X ameipatia, jambo lililonishinda mwezi mzima. Dada yangu alisimama pale akilia mpaka wimbo ukaisha. Basi karatasi kaeni nayo, na gitaa pia. Jumamosi tutumieni koplo.