Nyasi Mahali pa Nyumba

Jumamosi, 2 Agosti

Leo wamebandika picha. Kiwanja cha jirani, palipokuwa na gereji, kimezungushiwa mabati muda sasa, na juu ya mabati wameweka bango la jengo litakalosimama. Ghorofa sita! Vioo vya bluu toka chini mpaka juu, nguzo nene mbele, balkoni za mviringo. Mwenyewe ni Elibariki, muuza spea wa Kariakoo. Chini wameandika kwamba wakazi wote wanakaribishwa kutoa maoni, ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi ijayo.

Nimesimama mbele ya picha ile nikitafuta kasoro. Nimeipata. Nyumba yangu haipo. Barabara ipo, tena ina lami ambayo Temeke yetu hii hatujaiona. Kushoto, pale tulipo sie, kuna nyasi. Nyasi za kijani kibichi na mama wa kizungu anatembeza mbwa.

Nikamwita Munira, mke wangu, aje ashuhudie. Akatazama, akasema mbwa yule amesimama jikoni kwake. Kisha akarudi kwenye maharage.

Mchoraji namfahamu. Kijana anaitwa Brightson, alikuja mwezi uliopita kuomba apige picha nyumba zinazopakana na kiwanja. Nilimjibu vizuri tu. Nilimwambia nyumba ya Marijani haipigwi picha bure, akapige ya kwao. Akaaga kwa adabu. Kumbe ana kinyongo.

Jumapili, 3 Agosti

Kijiweni kwenye kahawa nimepokewa kwa pongezi. Anwar, karani mstaafu wa bandari, kanipa mkono na kuuliza nahamia wapi. Nikasema sihami. Akawakonyeza wenzake, akasema waliouza vizuri ndivyo wanavyosemaga.

Kila nikikana, bei niliyouzia inapanda. Kikombe cha pili nilikuwa nimeshajenga Kimara. Cha tatu nina gari. Nikanuna, wakasema mnaona, nyodo zimeshaanza. Nimeachiwa nilipe kahawa ya kijiwe kizima.

Jumatatu, 4 Agosti

Dada Tabu amekuja kutoka Kunduchi na ndoo ya samaki wa kukaanga. Pia begi. Begi ndilo nililoliona kwanza.

Nyumba hii katuachia baba, ni yetu wote wanne: dada Tabu, mie, na wadogo zetu Shomari na Salma. Mie nakaa ndani yake na kuitunza. Wao wanakaa kwao na kuniuliza naitunzaje. Sasa mmbeya mmoja kawatumia picha ya bango kwenye simu.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alisimama kizingitini, mkono kaushika mlango aliouchonga baba mwenyewe.

"Marijani," akasema, "nyumba ya baba iko wapi?"

Nikamwambia ameishika. Akasema nisimletee utani, na kwamba harudi Kunduchi mpaka ajue nimemuuzia nani. Nikaapa. Akaniambia hata nilipovunja redio ya baba niliapa. Amechukua chumba cha mbele. Imeniuma. Mtu aliyenibeba mgongoni ananiona mwizi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata njia. Wananchi wakiikataa picha, itachorwa upya. Ikichorwa upya nitakuwepo. Kazi yangu ni kuwafanya watu walichukie jengo kabla ya Jumamosi. Rahisi!

Nikaanza kijiweni. Nikasema vile vioo vitawapika watu humo ndani. Anwar akasema bluu inapoza macho, na yeye macho yanamsumbua. Nikasema nguzo zile nene hazibebi kitu, ni pambo tupu. Wakasema ndiyo raha yake. Mzee mmoja akasema balkoni zimekaa kama matumbo ya waja wazito, nikafurahi, kumbe anasifia.

Jioni nikahamia kwa akina mama bombani. Nikawauliza, ghorofa ya tano, jiko la mkaa utaliweka wapi? Wakasema balkoni. Na nguo utaanika wapi? Balkoni. Na kuku? Wakanitazama kama mtu asiyejua balkoni ni nini. Mmoja kauliza vyumba vitaanza kupangishwa lini.

Niliporudi dada Tabu alikuwa anapima uani kwa hatua. Sikuuliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Usiku nimepata swali. Swali lisilo na jibu! Mtu akifiwa ghorofa ya tano, turubai la msiba litafungwa wapi? Waombolezaji watakaa kwenye ngazi? Sufuria la pilau litapandishwa na nani? Mtaani kwetu unaweza kumnyima mtu maji, ila huwezi kumnyima pa kufungia turubai. Hili litaizika picha.

Nikiuliza mie watasema nina langu. Atauliza Anwar. Nimemnunulia kahawa na kashata, nikamfundisha swali mpaka akalikariri. Kalipenda, isipokuwa anataka na yeye aongeze neno lake mwishoni. Nikamruhusu.

Munira anasema niende tu kwa Brightson, nimwombe radhi, aje apige picha, yaishe. Nimemwelewesha kuwa mambo haya hayaendi hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano. Mama Felicitas, mwenyekiti wetu wa mtaa, ameendesha. Elibariki alikuja na suti, Brightson na picha kubwa kuliko ya kwenye mabati. Dada Tabu alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya.

Anwar akasimama. Akauliza swali langu vizuri mno. Turubai litafungwa wapi? Elibariki akamtazama Brightson, Brightson akatazama viatu vyake. Watu wakaanza kunung'unika kwamba kweli bwana, watu tunakufa. Nilitaka kulia kwa furaha.

Hapo Anwar akaongeza neno lake. Akaenda mpaka kwenye picha, akaweka kidole kwenye nyasi. Akasema yeye amechunguza, na hapa yanaenea maturubai mawili, na majiko nyuma, na pembeni magari ya waliotoka mbali. Akampongeza mchoraji kwa kufikiria mbali. Makofi! Mama Felicitas akasema hoja nzuri, wanaounga mkono eneo la wazi libaki kama lilivyo kwenye picha, wanyooshe mikono.

Nimenyoosha. Lilikuwa swali langu, makofi yalinichanganya. Nilipogutuka mkono ulikuwa juu na dada Tabu amegeuka ananitazama.

Akasimama. Hakupaza sauti. "Hapo mnapofunga maturubai ndipo baba yetu alipokata roho," akasema. "Mie nataka kujua nani kawapa."

Mama Felicitas akamgeukia Brightson. Brightson akaeleza kwamba hakupewa na mtu. Hakuwa na picha ya nyumba ile, na kompyuta haipendi kuacha pengo, basi akajaza nyasi. Mama na mbwa huja pamoja na nyasi. Akasema alikuja kuomba. Akarudia jibu langu neno kwa neno, hadi lile la akapige ya kwao. Mkutano mzima ukanigeukia.

Elibariki akamwomba dada radhi. Akasema nyumba hiyo hajainunua, haitaki, wala hajawahi kuifikiria. Dada akakaa. Nilishukuru, lakini hajawahi kuifikiria hata kidogo? Hata bei hakuuliza? Mtu anaweza kuumia.

Jumanne, 12 Agosti

Brightson kaja na kamera. Nikamwomba asubiri kidogo nipake chokaa ukuta wa mbele. Dada Tabu akakataa, akasema ipigwe hivyohivyo ilivyo, asije mtu akasema si yenyewe. Ikapigwa hivyohivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Picha mpya imebandikwa. Nipo! Bati lenye kutu lipo, ufa wa dirishani upo, beseni la Munira lipo, na suruali yangu ya kulalia iko kwenye kamba mbele ya jengo la vioo vya bluu. Brightson amekuwa mwaminifu kupita kiasi.

Dada Tabu alisimama pale, akagusa dirisha la chumba cha baba kwa kidole. Akatokwa machozi. Na mie yakanilengalenga, sikatai. Kisha akaipiga picha kwa simu, akawatumia Shomari na Salma, akaniambia nimsamehe. Nikasema yameisha. Akafunga begi, akarudi Kunduchi. Kaniachia samaki.

Hapa ningepumzika. Lakini kijiweni maoni yamebadilika. Wanasema jengo lilikuwa zuri zaidi mwanzo. Anwar anasema nguzo bado anazipenda, ila jicho lake likifika kwenye suruali linakwama. Akina mama bombani wanamwonea Elibariki huruma.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Brightson. Nimezungumza naye kiungwana. Nikamwomba aondoe suruali. Akaondoa pale pale, nikiangalia. Nikaomba na kutu. Ikaondoka! Nikaomba rangi kidogo, akauliza rangi gani, nikasema maziwa. Kijana hana kinyongo hata kidogo, watu humsingizia.

Sasa nyumba imependeza, lakini mbele ya ghorofa sita imekaa chini mno, kama imechuchumaa. Nikamuuliza kuongeza ghorofa moja ni kazi kubwa? Akasema kwenye kompyuta si kazi. Nikasema basi moja tu. Na vioo vya bluu, ili ifanane na jirani. Na nguzo mbili.

Munira sijamwambia. Nataka ashtukie.

Jumapili, 17 Agosti

Imebandikwa. Watu wamejaa kama kwenye harusi. Anwar kazitazama nguzo zangu, kisha akaniamkia shikamoo, mtu anayenizidi umri! Kijiweni wameniita mzee wa ghorofa. Wameuliza nimempata wapi fundi. Sikusema ndiyo wala hapana, nimenywa kahawa tu. Mara hii wamelipa wao.

Munira kaja na beseni lake, akaangalia juu, akaangalia chini. Akaniuliza kama dada Tabu ameiona.

Saa kumi simu ikaita. Kunduchi.

"Marijani," dada akasema, "pesa ya ghorofa umeitoa wapi?"

Nikasema ni picha tu. Akasema mara ya kwanza nayo ilikuwa picha tu. Kesho anakuja, na Shomari na Salma wanakuja naye, na wote wamefunga mabegi.

Sina wasiwasi. Nimekaa nimefikiri na nimeona kosa lilipo. Nyumba ikionekana, watu wanasema. Alfajiri, kabla hawajafika, namuwahi Brightson. Nitamwomba aiondoe nyumba yote, aweke nyasi.