Chai ya Mwenye Soksi

Jumatatu, 3 Machi
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana Orhan, Mturuki mwenye viwanda vya soksi, anakuja kutazama ghala letu tupu. Akilipenda, mji wetu wa Kara-Bulung, ambao mimi ni meya wake, utapata kazi, na binti yangu Begimai hataenda Moscow kufagia ngazi za watu. Tiketi ameshakata. Zhyldyz, meya wa mji jirani, anamtaka mgeni huyo huyo. Mwanamke yule hata akikusalimia, anavizia.

Jumatano, 5 Machi
Nimekorofishana na mama mkwe. Kwetu Wakirgizi mgeni hutiliwa chai nusu kibakuli, aongezewe tena na tena. Ukimjazia, umemwambia njia ile pale. Nikamweleza kuwa Mturuki hajui hayo. Akiona nusu, atadhani mji hauna hata maji. Mama akasema mwanangu, mgeni ni mgeni, mtilie kidogo. Nikamjibu kuwa uwekezaji una wataalamu wake. Akacheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja. Ghala kalipenda. Kagonga ukuta, katabasamu. Nyumbani nikanyakua birika mwenyewe, nikamjazia pomoni. Akanitazama. Akanywa kidogo. Nikajaza tena, kwa moyo wote. Akasimama, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake. Nyama ya kondoo ilikuwa bado jikoni. Mama mkwe akajitilia chai nusu kibakuli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatatu, 10 Machi
Kumbe mke wa Orhan ni Mkirgizi mwenzetu, wa Naryn! Miaka yote ya ndoa bwana huyo anatiliwa nusu. Amemwambia Zhyldyz kuwa hajawahi kufukuzwa mara mbili katika kikao kimoja. Kiwanda kimekwenda kwa Zhyldyz. Amenipigia simu kunishukuru. Kaniita kaka.

Ijumaa, 14 Machi
Begimai amerudisha tiketi. Ameajiriwa kwenye soksi, kwa Zhyldyz. Atakwenda na basi la asubuhi, jioni yuko nyumbani. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka. Haya nayo nimeiona, kidogo.

Lakini wiki ijayo anakuja Mkazakhi anayetaka kujenga kiwanda cha jibini. Mama mkwe, ambaye kazaliwa hukohuko Kazakhstan, anasema nao chai yao ni nusu. Nimemwambia, mama, huyu kasomea London.

Nimeazima birika kubwa la shule.