Barua ya Kumtafutia Muriel Wakala

Jumatatu, 6 Machi
Wiki ya sita bila Muriel. Nyumba imepooza. Nilimwahidi mke wangu, akiwa kitandani hospitalini, kwamba riwaya yake nitaipeleka kwa mawakala wa vitabu mpaka mmoja akubali kuitafutia mchapishaji. Ahadi ni deni. Leo nimeandika barua ya utangulizi. Kurasa tisa! Nimeanzia siku tuliyokutana, kwenye foleni ya samaki na chipsi.

Jumanne, 7 Machi
Nimeisoma barua kwenye kikundi chetu cha waandishi, maktaba ya Halifax. Nigel Ogden akapiga miayo. Huyu amekataliwa na mawakala arobaini na mmoja, basi anajiona bingwa. Eti barua ni ukurasa mmoja tu: kitabu kinahusu nini, kitamfaa nani, mwandishi ni nani. Akaniuliza kama hii ni barua au hotuba ya mazishi. Kisha, bila haya, akasema wakala hana kazi na marehemu, anataka mtu wa kumwandikia kitabu cha pili. Mshenzi! Lakini je, kama ni kweli?

Jumatano, 8 Machi
Nimepata mbinu. Ukurasa mmoja, kwa jina la Muriel mwenyewe, kana kwamba yu hai. Kitabu: dada wawili wanaogombea kipande cha bustani ya mboga. Mwandishi: mpishi mstaafu wa shule. Nimemtumia Bi Lascelles, wakala wa London, pamoja na sura tatu za mwanzo.

Ijumaa, 10 Machi
Jibu! Na mawakala hukaa miezi mitatu kabla ya kujibu! Bi Lascelles ameipenda barua, akasoma zile sura tatu, akacheka peke yake ndani ya treni. Anataka kitabu kizima. Anataka pia kuzungumza na Muriel kwa simu, Jumatatu saa nne asubuhi. Nikageuka nimwite Muriel aje asome. Nimelia jikoni.

Jumapili, 12 Machi
Nimemwendea Doreen, dadake Muriel. Sauti zao ni zilezile. Akasema shemeji, wewe umechanganyikiwa, kamwone daktari. Nimembembeleza hadi chai ikapoa. Kakubali kujifanya Muriel kwenye simu, ingawa kitabu hajakisoma.

Jumatatu, 13 Machi
Doreen alianza vizuri. Bi Lascelles akamwambia anavyompenda yule dada mkubwa, mchoyo wa vitunguu, anayemlisha kwa siri mdogo wake mgonjwa. Doreen akaangua kilio, akasema huyo ni mimi, na mdogo wangu tumemzika Januari.
Nikachukua simu, nikakiri. Bi Lascelles alinipa pole kwa upole. Akasema ningeuandika ukweli, mstari mmoja tu, angekichukua kitabu hivyo hivyo. Lakini mtu aliyemdanganya hawezi kufanya naye kazi. Nisamehe, Muriel. Nimekuangusha.

Jumanne, 14 Machi
Doreen amekuja kuuchukua muswada akausome. Kanishika mkono, kaniambia shemeji, safari hii sema kweli. Nimemwapia.
Nimemwandikia wakala mwingine, wa Edinburgh. Ukurasa mmoja, safi. Nikafika pale pa kusema kwamba mwandishi amefariki. Nikaenda kuchemsha maji. Nikarudi. Nimeshindwa.
Nimeandika: Muriel Thackray ni mzima wa afya, ila hapendi simu.
Nimeusoma mstari huo kwa sauti mara nne. Kisha nimetuma.