Kitabu Kilichosifiwa Mara Tatu

Ibra, Omani, Jumapili, 9 Februari 2025
Leo natimiza miaka sitini na mmoja tangu nitoke Unguja na kitabu kimoja kwapani. Badala ya kukumbuka, nimepigwa na bumbuazi. Rafiki yangu Hafidh wa Nizwa amepata kitabu cha mashairi cha bibi mmoja wa Kiingereza wa enzi za Malkia Viktoria, jalada la kijani, 1862, chapa ya kwanza. Mimi, mwenye washairi wanawake kumi na tisa wa enzi hizo rafuni, nimekitafuta miaka thelathini. Yeye amekinunua kwa kuwa kinafanana na mito ya ukumbini kwake.

Nina hila. Kwetu mgeni akisifu kitu mara tatu, mwenyeji hana budi kumpa. Mke wangu Saliha kasema mtu wa miaka themanini na miwili angemsifu Mola wake.

Jumanne, 11 Februari
Nizwa. Nilisifu jalada, Hafidh akanimiminia kahawa. Nilisifu karatasi, akamimina tena. Kwa pupa nikasahau kutikisa kikombe kuonyesha nimetosheka. Vikombe kumi na kimoja. Niliposifu herufi za dhahabu, kahawa ikinimwagikia kanzuni, akasema, "Chukua, sheikh wangu, kabla moyo haujakusimama."

Desturi ni kukataa mara tatu. Nilikataa mara moja, kwa sauti ndogo.

Alhamisi, 13 Februari
Hafidh kaja kurudisha ziara. Hili sikulifikiria. Alipita rafu nzima, akasimama kwenye kile cha kwapani, cha 1850, alichonipa mwalimu wangu siku ya kuondoka. Akakisifu. Nikamimina kahawa. Akakisifu tena. Nikamweleza habari za mbuzi wa soko la Sinaw. Mara ya tatu nikawa kiziwi.

Saliha, nyuma ya pazia: "Ussi, mgeni anasema nawe."

Ulimi ukatamka wenyewe: chako. Hafidh hakukataa hata mara moja.

Ijumaa, 14 Februari
Nimekifungua cha kijani kwa utulivu. Ukurasa wa pili, herufi ndogo: chapa ya tatu.

Adhuhuri Hafidh kapiga simu. Kasema alikuwa akinitania. Kitabu cha mwalimu wangu kipo, niende tu niseme nakitaka, tunywe kahawa. Saliha kanitolea kanzu.

Kwenda kuomba? Mimi? Nina hila bora: tangu kesho naumwa. Mgonjwa hutazamwa, na Hafidh haji mikono mitupu. Saliha kasema anavyomjua, ataleta machungwa.

Na alete. Unguja sikurudi kuomba nilichokiacha. Nizwa nako sirudi.