Kiti cha Mkubwa

Mamlaka ya Ndege za Mafunzo ilitangaza kwa fahari, kutoka makao yake makuu Kitui, kwamba ndege ndogo ya injini mbili ya kufundishia marubani imekamilika, nayo itaruka Ijumaa mara tu hotuba zitakapokwisha. Mkurugenzi Mulinge aliongeza agizo kwa mkono wake: chochote kitakachoizuia kuruka kiondolewe papo hapo, na kisirudishwe bila idhini ya kamati. Isiporuka, karakana igeuzwe ukumbi wa semina.

Mhandisi Katunge alilisoma tangazo, akalikunja na kulitia mfukoni. Miaka sita ya jasho lake ilikuwa ndani ya karakana hiyo. Ndege aliichora na viti viwili, vyote mbele, mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega. Kamati ilikaa vikao kumi na saba ikagundua kasoro: mkubwa haketi mbele. Likapita azimio la kiti cha tatu, nyuma kabisa, upande wa kushoto, chenye kitambaa cheupe cha kufuma. Katunge aliandika barua tatu kwamba mkia utalemewa. Alijibiwa kwamba barua zimepokelewa.

Ijumaa, katika uwanja wa vumbi nje ya Mukuyuni, pasta aliombea kila injini peke yake, pasionekane upendeleo. Mulinge akapanda, akajipachika nyuma. Mkia ukagusa chini, pua ikatazama mawingu.

"Asi! Mkubwa, hebu kuja hapa mbele," rubani Nzau akasema.

"Mbele? Kwani mimi ni dereva? Watu ya kwetu Tawa wataniona aje?"

"Lakini mkia iko chini. Hii kitu haiwezi toka."

"Si injini ni mbili? Washa zote!"

Nzau aliwasha zote. Vumbi likawafunika wageni waalikwa, ndege ikakwaruza hatua tatu, ikagoma. Akazima.

Katunge alitaka kulia. Kisha akakumbuka tangazo lililokuwa mfukoni. Alimwita Kisilu, askari wa Mamlaka, mtu asiyejua mzaha kazini, akamsomea lile agizo.

"Hiyo sahihi ni ya mkubwa?"

"Na muhuri."

Kisilu akapiga saluti, akamfungua Mkurugenzi mkanda, akamshusha kwa heshima zote.

Ndege iliruka. Katunge akalia hadharani, bila haya, kwa furaha.

"Ikitua mnirudishe!" Mulinge alifoka.

"Bila kamati, mkubwa?" Kisilu akauliza, kwa masikitiko ya kweli.

Jioni Katunge alijaza fomu ya majaribio. Penye nafasi ya hitilafu iliyoondolewa, aliandika jina kamili la Mkurugenzi, pamoja na cheo chake.